Gari Lako Lisivute Hewa ya Moto

Wakulima wengi wa skimu za makazi wana gari, ama lao wenyewe, ama la chama chao cha ushirika. Gari hilo ndilo lipelekalo maziwa kwenye kituo, viazi na kabichi sokoni, na kurudi na mbolea na chakula cha ng'ombe. Likichelewa njiani maziwa huchacha, na maziwa yaliyochacha hayapokelewi. Hasara hiyo humwangukia mwenye ng'ombe, wala haimngojei mpaka mwezi uishe.

Twawasikia wakulima wakilalamika hivi: "Asubuhi pikapu yangu huenda vizuri. Lakini saa saba mchana, ikiwa na mzigo, ikianza kupanda mlima hukosa nguvu. Nakanyaga mafuta mpaka chini, nayo haiendi." Mkulima akienda kwa fundi, pengine huambiwa kwamba injini imechoka, na ni lazima ifunguliwe. Kufungua injini ni kazi ya fedha nyingi, na mara nyingi fedha hizo zilikuwa zimewekwa kwa ajili ya karo au mbegu.

Huenda fundi anasema kweli. Lakini kabla hujauza ndama ili ulipe kazi hiyo, iko sababu moja ndogo ambayo yafaa uitazame kwanza, maana haikugharimu ila dakika kumi na spana moja. Tazama kama injini yako inavuta hewa ya moto.

INJINI HULA NINI?

Watu husema kwamba gari hula petroli. Hiyo ni nusu ya habari. Ili petroli iungue vizuri, kilo moja ya petroli huhitaji karibu kilo 15 za hewa. Kwa hiyo chakula kikubwa cha injini ni hewa, nayo huivuta bure. Kwa kuwa ni ya bure, hatuiangalii.

Sasa sikiliza jambo ambalo ndilo asili ya shida yote. Injini haipimi hewa kwa ratili. Huipima kwa ujazo, kama vile sisi tupimavyo nafaka kwa debe. Kila pistoni ikishuka, huvuta silinda moja ya hewa, wala haiwezi kuvuta zaidi. Wewe wajua kwamba debe la mahindi makavu na debe la makapi ni sawa kwa ukubwa, lakini si sawa kwa uzito. Hewa baridi ni kama debe la mahindi: imeshikana, ina uzito. Hewa ya moto ni kama debe la makapi. Silinda hujaa, lakini kilichomo ni kichache, na nguvu ya injini hupungua kwa kadiri hiyo.

Jambo hili limejulikana tangu zamani. Mwaka 1802 mtaalamu wa Ufaransa, Joseph Louis Gay-Lussac, alieleza jinsi hewa na gesi nyingine zinavyopanuka sawasawa zikipata joto. Hesabu tunayoitumia leo ni kwamba kwa kila digrii moja ya sentigredi, hewa hupanuka kwa sehemu moja kati ya 273 ya ujazo iliokuwa nao kwenye digrii sifuri.

Tuifanye hesabu hiyo kwa gari. Tuseme hewa ya nje ina joto la digrii 20, na chini ya boneti, gari likipanda polepole na mzigo, hewa ina joto la digrii 50. Injini ikivuta ile ya chini ya boneti badala ya ile ya nje, hupata hewa pungufu kwa karibu sehemu moja katika kumi. Ni kama kutoka sokoni na magunia tisa hali umelipia kumi.

KODI MBILI ZA NYANDA ZA JUU

Mkulima wa nyanda za juu ana sababu ya kuliangalia jambo hili kuliko mtu wa pwani. Skimu nyingi zilizogawanywa chini ya Mpango wa Ekari Milioni Moja, ulioanza mwaka 1962, ziko katika nchi ya juu. Uwanda wa Kinangop, kwa mfano, uko zaidi ya mita 2,400 juu ya bahari. Huko hewa ni nyepesi. Silinda ikijaa hewa Kinangop hupata karibu robo tatu tu ya uzito ambao ingeupata Mombasa, hata kama joto la mahali hapo pawili ni sawa.

Hiyo ni kodi ya kwanza, nayo twailipa kwa kuwa tunakaa mlimani. Hakuna mtu awezaye kuushusha mlima. Lakini hewa ya moto ni kodi ya pili, na hiyo si lazima uilipe. Tuseme huko Mombasa injini ingepata kilo 100 za hewa. Kinangop itapata 75. Ikiwa tena hewa hiyo imepashwa joto kwa digrii 30 chini ya boneti, zitabaki kilo 68 tu. Gari lililotengenezwa kuchukua tani moja sasa linatakiwa kupanda mlima likiwa limenyimwa theluthi moja ya chakula chake. Si ajabu likatweta.

JOTO HUINGIAJE KATIKA HEWA?

Joto lina njia tatu za kusafiri, na mama yeyote jikoni azijua zote tatu hata kama hajawahi kuambiwa majina yake.

Njia ya kwanza ni kugusana. Ukiacha mwiko wa chuma ndani ya sufuria, baada ya muda mpini wake huunguza mkono. Ndivyo joto la injini linavyopita katika chuma na kufika kwenye bomba la kuingizia hewa lililofungwa ubavuni mwake.

Njia ya pili ni kuchukuliwa na hewa yenyewe. Ukiweka mkono juu ya moto, mbali na ndimi za moto, wasikia hewa ya moto ikipanda. Katika gari, feni huvuta hewa kupitia rejeta, na hewa hiyo hutoka upande wa pili ikiwa ya moto na kujaa chini ya boneti.

Njia ya tatu ni mng'ao. Ukikaa mbele ya moto usiku, uso wako huungua hali mgongo wako una baridi. Joto hilo limekurukia moja kwa moja, kama mwanga. Katika gari, chanzo chake kikubwa ni manifoldi ya ekzosi, ile chuma nzito yenye mikono inayotoka ubavuni mwa injini kupeleka moshi kwenye ekzosi. Gari likipanda na mzigo, chuma hicho huwa cha moto kwa mamia ya digrii, na kila kitu kilicho karibu nacho hupashwa.

Ukizijua njia hizi tatu, utaweza kuzifunga moja moja. Lakini uanze na ile kubwa.

KWANZA: MLANGO WA HEWA

Fungua boneti, injini ikiwa baridi, utafute sanduku la filta ya hewa. Kutoka sanduku hilo, kwa upande ambao hewa huingia, panapaswa kuwa na bomba la plastiki au la mpira linalokwenda mbele mpaka nyuma ya wavu wa gari, au pembeni karibu na taa, au ndani ya bawa la gurudumu. Bomba hilo ndilo mlango wa hewa. Mwenye kuliunda gari aliliweka hapo kwa makusudi, ili injini ivute hewa ya nje ambayo bado haijapita katika rejeta.

Sasa tazama gari lako. Je, bomba hilo liko? Katika magari mengi yaliyotumika miaka mingi, halipo. Fundi mmoja alilitoa siku ya kubadilisha taa, akasahau kulirudisha. Au lilivunjika, likatupwa, kwa kuwa gari liliendelea kwenda bila hilo. Au liko, lakini limepasuka upande wa chini, mahali ambapo jicho halifiki, na upasuko huo unatazama rejeta. Gari la namna hiyo huvuta hewa ya moto kila siku, na mwenye gari hajui. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ukiona bomba limekosekana, tafuta lingine katika maduka ya vyombo vikuukuu vya magari. Ukikosa la aina ile ile, chukua bomba la kukunjika lenye upana ule ule, lililotengenezwa kwa kazi ya magari, usilipinde kwa kona kali, ulifunge kwa klipu pande zote mbili. Bomba jembamba kuliko la zamani halifai, maana litaikaba injini. Bomba la plastiki nyembamba la kunyunyizia maji shambani halifai pia, kwa sababu joto likizidi hulegea na kunywea, na injini hukosa pumzi kabisa.

Tena angalia mdomo wa bomba uko wapi. Uwe juu, mahali pakavu, mbele ya rejeta au pembeni mwake. Usiuteremshe chini ya bampa kwa kutaka upepo mwingi. Huko chini kuna vumbi la murramu, na siku ya mvua kuna maji ya mtoni. Maji hayashindiliki kama hewa. Yakiingia katika silinda, mkono wa pistoni hupinda, na hapo kweli injini itafunguliwa.

Ukimaliza, tazama mpira unaozunguka rejeta na ule ulio ukingoni mwa boneti mbele. Mipira hiyo huzuia hewa ya moto iliyokwisha kupita rejeta isizunguke na kurudi mbele tena. Tazama pia kibweta kinachoizunguka feni, kama hakikuvunjika. Na rejeta yenyewe, iondoe majani, mbegu za nyasi na wadudu waliokauka. Rejeta iliyoziba huongeza joto chini ya boneti yote.

PILI: NGAO YA EKZOSI

Juu ya manifoldi ya ekzosi, au ubavuni mwake, magari mengi huwa na bati jembamba lililofungwa kwa boliti mbili au tatu. Hilo ni ngao. Boliti zake hushika kutu, bati huanza kupiga kelele, na mwenye gari au fundi huling'oa na kulitupa akifurahi kwamba kelele imekwisha. Kelele imekwisha, lakini joto limefunguliwa mlango.

Ngao hufanya kazi kama mti wa kivuli. Haipunguzi jua, bali hulizuia lisikufikie. Sehemu yenye kazi kubwa ni nafasi iliyo kati ya bati na chuma cha moto, ambapo hewa hupita. Kwa hiyo ukitengeneza ngao mpya, usiibandike juu ya ekzosi. Iache mbali kwa upana wa vidole viwili. Bati la alumini linalong'aa ni bora kuliko bati jeusi lenye kutu, kwa kuwa kitu king'aacho hulirudisha joto la mng'ao kama kioo kirudishavyo mwanga. Fundi wa mabati aweza kukukatia kwa kipimo cha kipande cha karatasi ngumu ulichokipima mwenyewe.

Iko hatari moja ambayo ni lazima tuiseme. Watu wengine huchukua vipande vya mabati ya asibesto kutoka paa kuukuu, wakivikata kuwa ngao, kwa sababu asibesto haiungui. Usifanye hivyo hata kidogo. Vumbi la asibesto likivutwa huingia mapafuni na kukaa humo, nalo huleta saratani na magonjwa mengine ya mapafu baada ya miaka mingi. Hakuna mlima unaostahili bei hiyo.

TATU: KULIVIKA BOMBA

Watu wengi huanza na jambo hili, hali lingekuwa la mwisho. Hununua kitambaa king'aacho, wakalivika bomba la hewa toka mwanzo hadi mwisho, kisha wakashangaa kwamba gari halikubadilika.

Sababu yake ni hii. Injini ya petroli ya lita mbili, ikizunguka mara 3,000 kwa dakika na mafuta yamekanyagwa mpaka chini, huvuta karibu lita 50 za hewa kila sekunde. Hayo ni zaidi ya madebe mawili kwa muda wa kusema "moja". Katika bomba lenye upana wa sentimita sita, hewa hiyo hukimbia karibu mita 18 kwa sekunde. Ikiwa bomba lina urefu wa nusu mita, hewa hukaa ndani yake kwa muda usiofika sehemu moja ya thelathini ya sekunde. Mtu akipita mbio mbele ya jiko hapati joto. Hewa hii nayo hupita mbio, na ukuta wa bomba hauipashi sana.

Basi kama hewa ilikuwa baridi ilipoingia mlangoni, itafika ikiwa karibu na baridi hiyo. Na kama ilikuwa ya moto ilipoingia mlangoni, kitambaa cha kung'aa hakitaipoza. Kitambaa huzuia joto kuingia, hakiwezi kulitoa lililokwisha kuingia.

Hata hivyo kulivika bomba kuna faida mahali pamoja. Gari likienda polepole sana, au likisimama na injini ikinguruma, hewa huvutwa kidogo kidogo, nayo hukaa bombani muda mrefu zaidi. Ikiwa bomba lako linapita karibu na ekzosi, livike sehemu ile tu iliyo karibu. Tumia kitambaa kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Usitumie magunia, matambara wala sponji ya godoro. Vitu hivyo vikidondokewa na petroli au oili karibu na ekzosi vitawaka, na utapoteza gari zima pamoja na mzigo.

MAGARI YA KABURETA NA BARIDI YA ASUBUHI

Mwenye gari la zamani lenye kabureta na asome sehemu hii kwa uangalifu, kwa kuwa huenda akajidhuru kwa kutaka mema.

Katika magari mengi ya namna hiyo, pua ya sanduku la filta ina midomo miwili. Mmoja huvuta hewa ya nje. Wa pili hufungwa bomba linalotoka kwenye kifuniko cha manifoldi ya ekzosi, nalo huleta hewa ya moto. Ndani ya pua mna kilango kidogo kinachochagua mdomo gani ufunguliwe. Katika magari mengine kilango huenda chenyewe. Katika mengine hugeuzwa kwa mkono, upande mmoja kwa majira ya baridi na upande wa pili kwa majira ya joto.

Mtu aweza kuuliza, kwa nini waliweka hewa ya moto kwa makusudi? Ni kwa sababu petroli ikigeuka mvuke ndani ya kabureta hufyonza joto, kama spiriti inavyopoza ngozi. Asubuhi ya ukungu mwezi wa Julai huko juu, hewa ikiwa baridi na yenye unyevu, barafu yaweza kufanyika ndani ya kabureta hata kama nje hakuna barafu. Gari huanza kukohoa na kuzima. Kwa hiyo hewa ya moto yafaa kwa dakika za kwanza.

Ubaya huja kilango kikikwama upande wa moto. Hapo injini huvuta hewa kutoka ekzosi kutwa nzima, mchana na mlimani, na hakuna hewa ya moto kuishinda hiyo. Basi usilikate bomba lile wala kulitupa. Mwambie fundi akitazame kilango wakati injini inaenda na imekwisha kupata moto. Hapo upande wa ekzosi uwe umefungwa. Kama umefunguka, asafishe na kukitengeneza kilango mpaka kiende bila kukwama. Kama ni cha kugeuza kwa mkono, kigeuze mwenyewe majira yakibadilika.

Jambo jingine la magari ya kabureta ni kile kipande kinene cha kuzuia joto kilicho kati ya kabureta na chuma cha chini yake. Fundi akikitoa na kuweka gasketi nyembamba ya karatasi, joto hupanda kwa kugusana, na petroli huchemka ndani ya kabureta. Katika nchi ya juu petroli huchemka upesi zaidi, kama maji yachemkavyo upesi. Hapo gari husimama sokoni kwa nusu saa, kisha hukataa kuwaka. Mwambie fundi arudishe kipande cha unene ule ule.

MAGARI YA DIZELI YENYE TURBO, NA MATREKTA

Pikapu nyingi za dizeli zina turbo. Turbo ni pampu inayoizungushwa na moshi wa ekzosi, nayo huishindilia hewa ndani ya injini. Kwa mtu wa nyanda za juu ni msaada mkubwa, maana hurudisha sehemu kubwa ya hewa aliyonyimwa na mlima. Lakini hewa ikishindiliwa hupata moto, kama pampu ya baiskeli inavyopata moto mkononi. Hewa itokayo kwenye turbo yaweza kupita digrii 100.

Kwa hiyo gari la turbo mara nyingi huwa na kipoza hewa, chombo kinachofanana na rejeta ndogo, lakini ndani yake hupita hewa badala ya maji. Huwekwa mbele ya rejeta, au juu ya injini chini ya tundu la boneti. Kikijaa matope na mbegu za nyasi, hakipozi. Kioshe kutoka nje kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, usiyapinde mapezi yake. Kama kipo chini ya tundu la boneti, tazama ule mpira unaounganisha tundu na kipoza hewa. Ukikosekana, upepo hupita pembeni, na kipoza hewa hubaki na joto la injini. Kagua pia mipira mikubwa inayokwenda na kutoka. Ukisikia mlio wa kuvuja unapokanyaga mafuta, au gari likitoa moshi mweusi mlimani, hewa inapotea njiani.

Trekta nyingi huvuta hewa kupitia bomba lililosimama juu ya boneti. Usilikate kuwa fupi, na lisikae mahali ambapo moshi wa ekzosi waweza kuvutwa. Wakati wa kuvuna ngano, rejeta ya trekta huziba kwa makapi kwa siku moja tu. Isafishe kila jioni.

MAMBO YA KUEPUKA

Usiitoe filta ya hewa wala sanduku lake ukidhani injini itapumua vizuri. Kwanza itavuta hewa ya moto ya chini ya boneti. Pili itavuta vumbi, na vumbi la barabara zetu husaga silinda kama tupa.

Usidanganywe na filta za wazi zinazouzwa mijini, zile zenye umbo la pia ambazo hazina sanduku. Zikiwekwa bila kukingwa, hukaa katikati ya joto. Injini hupiga kelele zaidi, na kelele humfanya dereva aone kwamba nguvu imeongezeka, hali huenda imepungua.

Usifungue kifuniko cha rejeta wala kugusa ekzosi gari likiwa limetoka safarini. Kazi zote hizi zingoje injini ipoe.

UTAJUAJE KWAMBA UMEFAULU?

Magari mengi ya siku hizi yasiyo na kabureta yana kipima joto ndani ya njia ya hewa, nacho huipa habari kompyuta ya gari. Fundi mwenye mashine ya kuisoma kompyuta hiyo aweza kukuonyesha joto la hewa wakati gari linaenda. Katika gari lisilo na turbo, likiwa linakwenda barabarani na si kusimama, joto hilo lisizidi sana lile la nje. Digrii kumi si neno. Lakini likizidi kwa digrii 30, liko kosa, nawe rudi ukatafute mlango wa hewa.

Ikiwa huna mashine hiyo, tumia mlima wako mwenyewe. Chagua mteremko mmoja unaoupanda kila siku, kwa mfano kati ya Naivasha na Kinangop, na mzigo ule ule, saa ile ile. Andika kwenye daftari gia uliyotumia na mwendo ulioupata kileleni, kabla ya kazi na baada ya kazi. Daftari halisahau kama dereva.

Usitazamie maajabu. Ukienda uwanda wa tambarare bila mzigo, huenda usione tofauti yoyote, na petroli haitapungua kwa sababu ya hewa baridi. Faida huonekana pale tu unapokanyaga mafuta mpaka mwisho, yaani mlimani na mzigo. Lakini ndipo hapo hapo mkulima anapohitaji nguvu. Na ikiwa umefanya yote haya na gari bado halina nguvu, basi nenda kwa fundi, umwambie kile ulichokwisha kukagua. Hapo hatakuuliza habari za hewa, naye atatafuta ugonjwa mahali ulipo.

Mara moja kila mwezi, kabla hujalitoa gari asubuhi, kagua mambo haya matano:

1. Bomba la mlango wa hewa liko, zima, na klipu zake zimekaza.
2. Filta ni safi na sanduku lake limefungwa pande zote.
3. Ngao ya ekzosi iko na haichezi.
4. Rejeta, na kipoza hewa kama kipo, havikuziba.
5. Mipira ya rejeta na ya boneti haikung'oka.

Ni kazi ya dakika kumi. Ng'ombe hukaguliwa chuchu kila siku kabla ya kukamuliwa, wala hakuna aonaye kwamba ni kazi bure. Gari linalopeleka maziwa ya ng'ombe huyo nalo listahili kutazamwa pua mara moja kwa mwezi.